Mji Aliochaguliwa na Dada

Kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa mstari uliopinda.

Mteja alikuwa ameshakaa, skafu yake ya sufu ameikunja magotini, na msusi amesimama nyuma yake na kitana mkononi, tayari kuanza kufumua rasta. Kisogoni, upande wa kushoto, mistari iliyogawa nywele ilishuka imenyooka vizuri mpaka karibu na sikio, halafu ikapinda kidogo, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayetembea barabarani akasikia anaitwa.

Mkono ule aliujua. Kuna msusi mmoja tu anayepinda pale, kwa sababu anasuka huku anasimulia, na kila akifika sikioni anageuka kuona kama watu wamecheka. Kichwa kikigeuka, mkono nao unafuata. Ulikuwa mkono wa dada yake.

Kwanza alifurahi. Alikuwa hajamwona dada yake tangu mvua zilizopita, na kuiona mistari ile ilikuwa kama kukutana na ndugu sokoni bila kutegemea. Karibu acheke peke yake. Kisha akatazama upande wa kulia wa kichwa, na furaha ikamkauka.

Upande wa kulia ulikuwa wake yeye. Tangu waanze kazi, dada alisuka kushoto, yeye akasuka kulia, wakakutana utosini. Lakini kichwa hiki hakukisuka yeye. Nywele zilikuwa bado mpya, za wiki chache tu, na wiki zote hizo yeye alikuwa huku mlimani. Aliyesuka kulia alikuwa mtu wa haraka: mafungu makubwa, rasta za kukaza, ngozi imevutwa mpaka inang'aa. Si dada, wala si yeye. Ni mtu mwingine.

Na dada, kila akipiga simu, alisema anasuka peke yake mpaka mabega yanamuuma.

"Mbona umenyamaza?" mteja akauliza. "Zimeharibika sana?"

"Hapana, mama. Zimekaza kidogo huku kulia."

"We acha tu. Siku ile nililala na dawa ya kichwa."

Mteja alikuwa nesi, amehamishiwa hospitali ya mlimani kutoka mji wa bondeni. Alikuwa mwongeaji, wa wale ambao wakikaa kwenye kiti cha msusi hawahitaji kusukumwa. Akaanza kuipima miji miwili: huku hewa nzuri, kule vumbi; huku maji barafu, kule maji vuguvugu hata ukiyaacha kivulini. Msusi aliitikia "eeh" na "kweli" huku anafumua. Hakusema kwamba kule bondeni ndiko alikozaliwa.

Kule walikuwa wanaitwa Redio na Betri. Redio ni dada mtu. Alikuwa haishiwi maneno. Hata akiugua mafua alinong'ona habari. Betri ni yeye, mdogo mtu, kwa sababu wateja walisema huyo hasikiki lakini ukimtoa kazi haiendi. Jina hilo halikumkera. Tangu utotoni dada ndiye aliyesema kwa ajili yao wote wawili. Dukani dada ndiye aliyeagiza, zahanati dada ndiye aliyemweleza daktari tumbo la mdogo wake linauma upande gani, na mara nyingi alipatia. Mtu akimuuliza Betri jambo, Betri alimtazama dada, dada akajibu, Betri akaitikia kwa kichwa. Ilikuwa ni desturi yao kama watu wengine walivyo na desturi ya kulala mchana.

Miji yenyewe ilikaribiana kwa ukubwa. Kila mmoja una hospitali yake, chuo chake, soko lake na stendi yake, na watu wa kila mmoja wanaapa kwamba ule mwingine ni kijiji kilichovaa viatu. Wa bondeni uliota karibu na kiwanda cha saruji. Ni mji wa joto na jasho, mashuka ukiyaanika meupe unayaanua ya kijivu, na jioni watu hukaa nje kwa sababu ndani hakukaliki. Ndiyo maana kila mtu anamjua kila mtu. Vumbi la kiwanda huingia mpaka kwenye sukari. Na huingia kwenye nywele. Mwanamke akisuka leo, kabla mwezi haujaisha kichwa kinawasha, kimepauka, anarudi mwenyewe bila kuitwa. Redio alikuwa na msemo wake, aliusema huku anapuliza kitana: "Wenzetu bosi wao ni mtu. Sisi bosi wetu ni vumbi."

Kazi walifundishwa na Madamu, mwenye saluni iliyokuwa karibu na lango la kiwanda. Madamu alisimama miaka mingi mpaka miguu ikaanza kuvimba, akawa anakuja, anakaa, anaangalia, anakosoa. Alikuwa hana binti. Mara kwa mara alisema kwamba siku moja atawaachia funguo wenye nguvu.

Halafu Redio akapata mchumba. Siku moja akamsindikiza mchumba huyo mlimani kwa shughuli zake, na aliporudi alikuwa na wimbo mmoja tu.

"Mdogo wangu, ule ndio mji," alisema wakiwa wanaosha vitana. "Unaamka asubuhi unavuta hewa kama unakunywa maji. Mbu hawaujui. Bomba ukifungua linatoa, halikupi hadithi. Watu wastaarabu, hakuna wa kukupigia umbea dirishani."

"Umbea si unapiga wewe?" Betri alimwambia. Wakiwa wawili tu aliweza kutania.

"Ndiyo, na mimi nimechoka, nataka kustaafu." Wote wawili wakacheka. "Na wasusi huko hakuna. Tutasuka mpaka tuombe likizo. Wewe tangulia. Shika chumba, weka viti viwili. Mimi nakuja nyuma, nisimwache Madamu ghafla na miguu yake ile."

"Nikamuage."

"Yuko msibani kwa ndugu zake. Nitakuagia."

Swali moja lilimjia Betri siku ile, akalimeza. Mji ambao hauna vumbi wala jasho, nywele zinachafuka saa ngapi? Lakini dada alikuwa ameuona mji kwa macho yake, na tena dada hakuwahi kumpeleka mahali pabaya.

Akaenda.

Na mji wa mlimani ulikuwa mzuri kweli, hapo dada hakudanganya. Alipata chumba nyuma ya duka la dawa, chenye dirisha linaloonyesha miteremko na mapaa yaliyosafishwa na mvua. Alilala usingizi ambao hakuwahi kuulala bondeni. Kifua kilichokuwa kinakohoa kila asubuhi kikanyamaza. Jirani alimsalimia kwa heshima na kufunga mlango wake. Hakuna aliyemuuliza ana mchumba au hana.

Lakini nywele hazikuchafuka. Ndio ukweli wenyewe. Wanawake wa mlimani walivaa kofia na vilemba dhidi ya baridi, na chini yake rasta za mwezi uliopita zilionekana za juzi. Mteja akiondoka leo, umeagana naye kama anayesafiri. Maji ya asubuhi yaligeuza vidole kuwa vijiti. Ilimbidi avishike juu ya mvuke wa birika kabla ya kugusa kichwa cha mtu. Na kwa sababu alikuwa mmoja, kichwa kimoja kilikula siku nzima. Wateja wa huku walikuwa watu wa ofisini, hawakuwa na siku nzima ya kumpa.

Mama Dawa, mke wa mwenye duka, ndiye aliyempangisha chumba. Alikuwa mcheshi kwa sauti ya chini, kama watu wengi wa mji ule.

"Msusi, hicho kiti cha pili unamwekea mzimu?"

"Kina mwenyewe, mama."

"Huyo mwenyewe anakuja kwa miguu? Wamekuja wasusi wawili hapa kuomba wakae nawe, wote umewakatalia. Watu wanataka kusukwa na mikono minne waende zao."

"Kina mwenyewe," alirudia. Alikuwa amejifunza sentensi hiyo vizuri. Kila Jumapili dada alipiga simu, na kila Jumapili kulikuwa na jambo: Madamu anaumwa, Madamu bado hajapata mtu, mchumba ana msiba. "Lakini kiti changu usimpe mtu," alimalizia, na Betri alikipangusa kiti kile asubuhi hata siku ambazo hakikuwa na vumbi, yaani siku zote.

Sasa nesi alikuwa anasema, "Kule nilikuwa na wasusi wangu, karibu na lango la kiwanda. Unapajua?"

"Nimepasikia."

"Basi pale kuna mmoja anaitwa Redio. Ukikaa kwake unatoka na habari za mji mzima, mpaka za nyumbani kwako ambazo hukuzijua."

Betri alifumua rasta nyingine, akaitupa kwenye ndoo. "Anasuka peke yake?"

"Peke yake wapi. Anasuka na wifi yake, dada wa mchumba. Mkono wa yule wifi, nakwambia, kama anafunga mzigo wa kuni. Lakini utafanyaje, saluni ni ya Redio sasa. Kapaka rangi, kaweka vioo vikubwa, madraya mapya, yote kutoka kwa wakwe. Yule mama mwenyewe kastaafu."

"Kamwachia yeye?"

"Hapo ndipo pana hadithi," nesi akasema, akajiweka sawa kwenye kiti. "Zamani Redio alikuwa anasuka na mdogo wake. Wanasema huyo ndiye alikuwa na mkono hasa, unasukwa unasinzia. Sasa yule mama kamtuma Redio, kasema saluni nawaachia wote wawili, nusu kwa nusu. Mdogo mtu kakataa. Eti vumbi limemchosha, hataki maisha ya jasho, anataka mji wa watu wastaarabu. Kapanda gari kaenda zake. Yule mama aliyemfundisha kazi hata hakumuaga. Redio akifika hapo machozi yanamtoka. Nasi tunalia naye, si unajua Redio akilia."

Betri aliendelea kufumua. Mikono yake ilifanya kazi kama ya mtu mwingine, na yeye akaitazama kwa mbali. *Wastaarabu*, alifikiri. Hata neno ni lake dada.

Alimaliza kufumua, akaosha, akasuka. Nesi kweli alisinzia. Jioni alipoamka na kujitazama kwenye kioo aligeuza kichwa huku na huku, akafurahi.

"Haki ya nani, sikusikia hata maumivu. Unaitwa nani? Nikawaambie wenzangu wodini."

Angeweza kusema jina lolote. Jina la kule bondeni hakuna aliyelijua huku.

"Betri," alisema.

Nesi akaichukua skafu yake polepole, akaivaa, akaivua tena kwa sababu alikuwa ameivaa juu ya uso.

"Mimi narudia tu nilichoambiwa, mdogo wangu," alisema mwishowe.

"Najua, mama."

Jumamosi asubuhi alimwomba Mama Dawa amwangalizie chumba, akapanda gari la kuteremka bondeni.

Joto lilimpokea mlangoni mwa gari kama shangazi mnene, likamkumbatia mpaka akakosa pumzi. Mabega yake, ambayo huko juu yalikuwa yamekunjika kwa baridi tangu alipofika, yalishuka yenyewe. Alitembea kutoka stendi. Watu walikuwa nje, milango wazi, mtu anamkosoa mwenzake kutoka ng'ambo ya barabara na mwenzake anajibu. Alitazama vichwa. Kila kichwa cha pili kilikuwa kinadai msusi. Huyu nywele zimepauka, yule amejifunga kanga kuficha, wale wawili wanajikuna huku wanaongea. Alijua mji aliohamia ni mzuri kuishi. Lakini riziki yake ilikuwa huku, inatembea barabarani juu ya vichwa vya watu, na dada alijua hivyo kabla yake.

Saluni ilikuwa imepakwa kijani. Nje kulikuwa na benchi la wanaosubiri, limejaa. Sauti ya Redio aliisikia kabla hajaiona sura yake.

"...akamwambia, mume wangu hanywi, huwa anaanguka tu." Benchi zima likaangua kicheko. Redio akageuka kuona nani amecheka, na mkono ukafuata kichwa, na macho yake yakakutana na ya mdogo wake mlangoni.

Alisita kidogo sana. Mtu asiyemjua asingeona.

"Jamani, tazameni nani kaja. Betri imekuja kuchajiwa."

Watu wakacheka tena. Betri naye akacheka, kwa mazoea, na papo hapo akajuta. Redio akamkumbatia. Alinukia mafuta ya nywele na jasho, harufu ya nyumbani. Upande wa kulia alisimama wifi, msichana mrefu mwenye kucha zilizopakwa rangi vizuri, akamsalimia kwa adabu bila kujua amesimama mahali pa nani. Au pengine alijua.

Kwenye kiti, kichwa nusu kimesukwa, alikuwa amekaa Madamu, miguu yake imeinuliwa juu ya kigoda.

"Shikamoo, Madamu."

"Marahaba." Hakugeuka. Alimtazama kupitia kioo. "Umekuja kututembelea, au baridi imekushinda?"

"Amekuja kutusalimia, Madamu," Redio akadakia. "Ametukumbuka, maskini. Hebu njoo huku nyuma, mdogo wangu, unywe maji kwanza. Wifi, endelea."

Nyuma kulikuwa na uwanja mdogo wa saruji wanapoanika taulo. Redio alifunga mlango, akageuka, na tabasamu lilikuwa limebaki ndani.

"Nani kakwambia?"

"Kichwa cha nesi."

Redio alitaka kukasirika, lakini kicheko kidogo kilimtoka. "Wewe na visogo vya watu."

"Ulisema Madamu yuko msibani."

"Sasa sikiliza."

"Nasikiliza, dada. Ndiyo kazi yangu."

Neno hilo lilimshtua Redio. Alichukua taulo moja kutoka kwenye kamba, akaanza kulikunja ingawa lilikuwa bado bichi. "Mama mkwe alisema atatupa vioo na madraya kama binti yake atapata kiti. Viti ni viwili, unaviona. Mmoja ilibidi asimame. Ningemsimamisha nani, wa kwao? Ndoa ingeishia hapo hapo. Nikasema wa kwetu ndiye atakayenielewa."

"Hukuniambia nikuelewe."

"Ningekwambiaje? Ungelia."

"Kwa hiyo ukaenda kulia wewe. Mbele ya wateja."

Redio alilikunjua taulo, akalikunja upya. Kwa upande wa pili wa mlango draya lilikuwa linavuma.

"Sikukutupa," alisema, sauti imeshuka. "Nilikuchagulia mahali pazuri. Nilizunguka mji ule mzima nikasema hapa mdogo wangu atapumua, kile kikohozi kitaisha. Mji wenyewe umetulia kama wewe. Niambie ni mbaya."

"Si mbaya. Nalala vizuri."

"Umeona."

"Nywele hazichafuki, dada."

Redio alitazama taulo.

"Wewe ndiye uliyekuwa unasema bosi wetu ni vumbi," Betri aliendelea. "Hukuliona hilo ulipozunguka?"

"Nililiona," Redio akasema. Hakutafuta maneno mengine, na hilo ndilo lililomuuma Betri kuliko uongo wote. Alikuwa ametegemea, mpaka dakika ile, kwamba dada atasema hakufikiria.

Kisha Redio akamsogelea, akamshika mkono kama alivyokuwa akimshika wakivuka barabara utotoni. "Sasa usiniharibie. Madamu hajamalizana na mwenye nyumba ili mkataba uje kwa jina langu, na unamjua, akisikia vingine anaweza kugeuza kila kitu. Akikuuliza leo, nitajibu mimi kama kawaida. Wewe itikia kwa kichwa tu. Basi. Halafu nakuwekea kiti cha tatu pale karibu na mlango. Unaachana na baridi, unarudi nyumbani, tunasuka. Si unataka kurudi?"

Alitaka. Angesema hataki angekuwa anajidanganya. Alitaka lile joto na lile benchi na ile hadithi ya mume anayeanguka, alitaka kuisikia kutoka mwanzo. Alitaka Jumapili isiyo na simu. Na bei yake ilikuwa ndogo, ni kitu alichokifanya kila siku ya maisha yake. Kuinamisha kidevu, na kukiinua.

Wakarudi ndani. Redio alichukua kitana chake akasimama kushoto. Betri alisimama karibu na mlango, pale kitakapokuwa kiti cha tatu. Jua la mchana lilikuwa linampiga mgongoni.

Madamu akamtazama tena kupitia kioo. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuwa na swali kwa muda mrefu.

"Mimi nimesomesha wasusi wengi kwa mkono huu," alisema. "Wengine wameniibia wateja, wengine wamenitukana. Sikuumia. Wewe uliniumiza. Nilimtuma dada yako akwambie nakupa nusu ya jasho langu, ukashindwa hata kuja kuniambia hapana kwa mdomo wako. Nilikukosea nini?"

"Hukumkosea kitu, Madamu," Redio akasema kwa upole, akimgawa nywele. "Ni vile tu alivyo. Vumbi lilimshinda, akaona aibu kukwambia. Hata leo amekuja kukuomba radhi, si unamwona alivyosimama. Si ndiyo, mdogo wangu?"

Wifi alisimamisha mkono hewani. Wote, mpaka wa benchini, walimgeukia Betri, wakasubiri kichwa kile ambacho wote walikijua, kinachoinama mara moja na jambo likaisha. Hata shingo yake ilikuwa tayari, aliisikia inaanza.

"Sikukataa, Madamu," alisema. "Sikuulizwa."

Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyodhani. Madamu aligeuka kwenye kiti mwili mzima, na nywele zilizokuwa mkononi mwa Redio zikachomoka.

"Amechoka na safari," Redio alisema haraka. "Hajui anachosema. Madamu, tulia nimalizie."

"Najua ninachosema. Niliambiwa uko msibani, Madamu, na dada akasema ataniagia. Kule juu nimemwekea kiti mpaka leo." Akaikunja mikono yake nyuma. "Kiti cha tatu sikitaki, dada. Narudi nikampe kile cha pili mtu anayekitaka."

Redio alikuwa amekunja uso kama mtoto aliyepigwa na mtu ambaye hakumtegemea. "Yaani unanifanyia hivi," alisema. "Mimi. Mbele ya watu. Mimi niliyekusemea maisha yako yote, wewe ambaye hata jina lako ulikuwa huwezi kulitaja."

"Nilikuwa naweza," Betri alisema.

Hakumwangalia Madamu tena, wala benchi. Alimwangalia dada yake peke yake.

"Kuongea nilikuwa naweza, dada. Nilikuachia wewe kwa sababu ulikuwa unapenda, na mimi nilipenda kukusikia. Nilijua ukinisemea hutasema kitu cha kuniumiza. Hata siku ile bibi alipotuweka mbele yake akauliza nani aache masomo abaki naye nyumbani, ukasema, mdogo, yeye shule haipendi. Bibi akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa."

Mtu nje alikuwa anapita na redio yake mkononi, muziki ukaja ukaondoka.

"Nilikuwa naipenda."